Salamu kwa Tamuro

Nthoki alikuwa na desturi moja katika kuchora: macho aliyaacha mwisho. Angeanza na nywele, zile za katuni za Kijapani zilizosimama kama zimekutana na upepo, kisha kidevu chembamba, shingo na kola ya shati. Uso ungebaki mtupu hadi aridhike na kila kitu kingine. Ndiyo maana Jumanne ile, alipofungua daftari lake la Jiografia na kukuta mvulana aliyemwacha jana bila macho sasa anayo, alikaa kitandani akamtazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa makubwa na meusi, yamekolezwa vizuri kuliko alivyojua yeye kukoleza. Penseli ilikuwa imekandamizwa hadi alama zikatokea ukurasa wa pili.

"Mama, nani ameshika daftari langu?"

"Nani alishike?" mama yake, Koki, alijibu kutoka jikoni. "Tuko wangapi hapa?"

Walikuwa wawili tu. Baba yake, Matheka, alikuwa dereva wa lori na mwezi ule alikuwa njiani kuelekea Uganda. Nyumba yao katika mtaa wa Jericho ilikuwa na vyumba viwili, na kitanda cha Nthoki kilitengwa na sebule kwa pazia. Msichana alifuta yale macho kwa raba. Hayakufutika vizuri.

Mwaka ulikuwa 1996, Nthoki yuko kidato cha pili, na ugonjwa wake ulikuwa katuni. Wasichana wenzake walibandika picha za wanamuziki kwenye vifuniko vya madaftari. Yeye alibandika vijana wa kubuni wenye panga na machozi. Kila Jumamosi yeye, rafiki yake Khavere na kijana Phares walikwenda Donholm, kwa shangazi ya Khavere, aliyekuwa na mashine ya video. Kanda zenyewe zilikuwa nakala ya nakala, picha imejaa chengachenga na maneno yote ni ya Kijapani. Hakuna aliyeelewa hata neno. Basi Phares akawa anawasemea. Phares Bwire wa kidato cha tatu angekaa chini mbele ya televisheni na kuwapa wale watu sauti, huyu anaongea kama kondakta, yule kama mwalimu mkuu, na shujaa akaongea polepole, kwa sauti nzito ya upendo, mpaka Nthoki akawa hasikii hadithi tena, anasikia sauti tu.

Alimpenda. Tusizungushe maneno. Alimpenda hadi uji ukamshinda asubuhi. Na Phares, kila alipomaliza kusema maneno ya shujaa, aligeuka kumtazama Khavere ili aone kama amecheka.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini Nthoki alijaribu. Alimchora Phares, akamwongezea nywele za Kijapani ili asitambulike, akambunia jina: Tamuro. Lilisikika kama jina la huko. Kisha akafanya kosa ambalo miaka ile, mitaa ile, mtoto yeyote angelifanya. Alinunua kadi ya salamu.

Wakati huo watu walisalimiana redioni. Ulijaza kadi, ukaandika jina lako, mtaa na nambari ya nyumba, kisha majina ya unaowasalimu, na alasiri mtangazaji angeyasoma nchi nzima isikie. Kumwandika Phares kungekuwa kujianika. Nthoki akaandika: *Nthoki Matheka, Jericho, mlango wa samawati karibu na bomba la maji. Namsalimu Tamuro peke yake. Mwambieni namngoja.* Alituma kadi tatu, wiki tatu mfululizo, na zote zikasomwa. Aliyesalimiwa redioni alipaswa kurudisha salamu. Hiyo ilikuwa adabu, na kila mtu aliijua.

Alhamisi, siku mbili baada ya yale macho, Koki alikuwa anachagua maharagwe huku redio ikiimba juu ya kabati. Mtangazaji alisoma salamu za Kakamega, akasoma za Machakos, halafu akasita.

"Hii kadi haina stempu," alisema. "Sijui imefikaje mezani. Ni ya Tamuro. Anamsalimu Nthoki Matheka wa Jericho. Anasema amengojwa vya kutosha, na nyumba ameiona."

Koki akacheka. "Kumbe katuni yako inajua kuandika."

Nthoki hakucheka. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Phares amegundua, alijiambia. Phares amejibu. Alitoka mbio bila hata kuvaa viatu, akamkuta kijana kwao, ameketi kwenye ngazi, anafikicha macho.

"Sasa, Phares."

"Poa. Nani huyo? Nthoki?"

Nthoki alikuwa hatua tatu mbele yake. "Si unaniona?"

"Naona kitu imesimama hapo. Hii macho yangu inanisumbua tangu Jumanne. Hata kwa ubao sioni kitu, ni ukungu tu."

"Ile kadi ya redio... ni wewe uliandika?"

"Kadi gani? Mimi sijawahi tuma salamu hata siku moja." Alifikicha tena. "Usiambie Khavere kuhusu macho. Sitaki aanze kunihurumia."

Nthoki alirudi nyumbani polepole.

Alasiri ya pili yake, mama yake alikuwa sokoni. Saa kumi, jua bado kali, watoto wanapiga mpira nje. Nthoki aliketi kitandani na daftari lake, akasikia ukutani mlio alioufahamu: mlio wa kanda ya video ikirudishwa nyuma, ule wa kukwaruza na kuzunguka, mwembamba, unaopanda. Kwao hapakuwa na mashine ya video. Kwa jirani hapakuwa na hata televisheni. Kisha ikaja harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya nywele zilizoungua.

Mlio ukakatika. Nyuma ya pazia mtu akasema, "Nthoki."

Ilikuwa sauti ya Phares, ile nzito ya shujaa, lakini haikupumua. Mtu akiongea huvuta pumzi kati ya maneno, hii haikuvuta.

"Umeniita mara tatu. Mbona sasa huniitikii?"

Kupitia ufa wa pazia, mahali ambapo kitambaa hakikufika ukutani, akaona jicho moja, jeusi, lenye nukta mbili za mwanga kama alivyozichora yeye siku zote, jicho kubwa kuliko uso wa binadamu unavyoweza kubeba, likimtazama bila kupepesa, na lilipomtazama akahisi, katikati ya hofu yote ile iliyomlowesha mgongo, kwamba hakuna aliyewahi kumtazama hivyo tangu azaliwe.

"Phares hakuoni," sauti ikasema. "Basi ana macho ya nini?"

Nthoki alimkumbuka Khavere na kicheko chake. Angeweza kusema hapana. Alinyamaza.

Mlango ulipofunguliwa na Koki akaingia na kapu lake, nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. "Nani amefukiza udi ndani ya nyumba yangu?" mama aliuliza.

Ikawa kila siku, saa kumi, kabla mama hajarudi. Nthoki aliiogopa saa hiyo tangu darasani, na bado hakubaki shuleni hata dakika moja. Alirudi nyumbani, akaketi, akangoja mlio. Yule nyuma ya pazia alijua kila alichokuwa amekiandika na kukifuta. Alimuuliza alichokula. Alimwambia vidole vyake ni vizuri. Kila alipoondoka, picha moja zaidi daftarini ilikuwa imepata macho, na jioni habari ingefika kwamba Phares amejikwaa ngazini, Phares amemwagikiwa chai, Phares anashikwa mkono kwenda chooni. Madaktari walimmulika, wakasema macho ni mazima. Khavere ndiye aliyemwongoza njiani, amemshika kiwiko, na Nthoki aliwaona wakipita na akagundua kwamba hakuumia. Hilo lilimwogofya kuliko jicho la paziani, lakini hakutaka kulifikiria.

Siku ya tisa Khavere alikuja analia.

"Leo ameniuliza kama nimevaa sweta nyekundu," alisema. "Nilikuwa na ya kijani. Anakisia, Nthoki. Anajifanya anaona ili mathe wake, mama wa watu, asilie. Anaona mwanga peke yake sasa, na hata huo unaisha."

Nthoki alivunjika. Alimweleza Khavere yote, kisha mama yake: kadi, jina, jicho, udi. Aliacha jambo moja tu. Koki alisikiliza huku ameshika kichwa. Hakumpiga. Alijifunga leso akaenda kumwita Mama Nabalayo.

Nabalayo aliuza samaki wa omena soko la Jericho, na Jumamosi alivaa kanzu nyeupe akawaombea watu. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikaa sebuleni, akanusa hewa mara moja, akasogeza kiti mbali na pazia.

"Nionyesheni hilo daftari."

Alilifungua, akalifunga upesi.

"Mtoto wangu," alimwambia Nthoki kwa sauti ya chini, "uliogopa kutaja mtu, ukataja kivuli. Ukakipa sura, ukakipa jina, ukakielekeza hadi mlangoni. Sasa kivuli kimepata mwenyewe, naye ni jini. Mimi naweza kupiga ngoma hapa hadi kesho. Mgeni aliyeitwa haondolewi na jirani."

"Ataondolewa na nani?" Koki aliuliza.

"Na aliyemwita. Aliingia kwa uongo, atatoka kwa ukweli. Mleteni kijana. Msichana atasimama mbele yake, kwa kinywa chake aseme anampenda nani. Hivyo tu. Akisema kweli, huyo atatoka na macho yatafunguka." Alimshika Nthoki mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Lakini sikia vizuri. Ukisema uongo mbele ya jini, umempa mlango na ufunguo. Na kile alichokwisha kukishika, hatakirudisha."

Jumamosi saa tisa wakakusanyika. Wanawake watatu wa kanzu nyeupe walisimama ukutani wakiimba chinichini. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa sebule nzima. Phares aliketi kwenye kiti, uso ameuelekeza kwenye mwanga kama mtu anayeota moto, na Khavere alisimama nyuma yake. Pazia lilikuwa limetulia. Harufu ya udi ilianza mapema, na wanawake wakaimba kwa nguvu kidogo.

"Usiogope," Phares alisema. Alikuwa ameshaambiwa yote, na masikio yalimwiva kwa aibu. "Sema tu, Nthoki. Mimi sitakucheka."

Khavere naye akasema, "Sema. Mimi siko na ubaya na wewe."

Walikuwa wema. Wote walikuwa wema, na wote walilijua jina watakalolisikia, na walilingoja kama watu wanavyongoja amina. Mama yake alikuwa ameshaanza kulia. Nthoki alimtazama Phares: masikio yake makubwa, kovu la kidevuni, midomo iliyompa usingizi wa shida mwaka mzima. Akalitafuta lile pendo ndani yake ili alitamke, kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akapapasa, akapapasa, na mle ndani hapakuwa na Phares. Hakujua aliondoka siku gani. Kilichokuwepo kilikuwa saa kumi ya alasiri, na mlio unaopanda ukutani, na mtu asiyepumua akimuuliza amekula nini.

Pazia lilisogea kidogo. Ufani, jicho lilikuwa likimngoja.

Huo ndio ukweli, na ulikuwa ulimini, na kuusema kulitaka pumzi moja tu. Lakini ausemeje mbele ya mama yake? Mbele ya kanzu nyeupe? Aseme: Mungu anisamehe, huyo mnayemfukuza ndiye? Wangemtazama vipi baada ya hapo, maisha yake yote, katika mtaa ambao mtu akikohoa block ya pili inasema pole?

"Mtoto," Nabalayo alinong'ona. "Ukweli."

Nthoki alivuta pumzi. Alimhurumia Phares. Alitamani sana huruma iwe pendo, akajiambia labda inatosha, labda zinafanana.

"Phares," alisema. "Nampenda Phares."

Wanawake wakapiga vigelegele. Koki alipiga magoti. Khavere aliangua kilio cha furaha akamkumbatia Nthoki, na harufu ya udi ikakatika ghafla, safi, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Nabalayo peke yake hakuimba. Alikuwa anamtazama Nthoki usoni.

Phares aliinua mikono polepole, akapapasa hewa mbele yake, na uso wake ukageuka huku na huku katikati ya lile jua.

"Khavere," alisema. "Mbona wamezima taa?"