Herufi Tano za Odeta

Magharibi ilimkuta Ngosha barazani kwake Igoma, akigonga jina kwenye kibao cha chuma cha msalaba wa kaburi. Majina ya rangi huliwa na mvua. Yeye aligonga majina kwenye chuma, herufi moja moja. Alizunguka mpaka Lusaka kusaka ufundi, akarudi na nyundo moja na maneno mengi.

Mwanamke akasimama mbele yake. Geti halikulia.

"Fundi, herufi zako hazifutiki?"

"Mama, nitafutika mimi kwanza!" Ngosha akacheka. "Zinakandamiza chuma mpaka ndani. Hata ukizisugua kwa tupa zikapotea, mwagia asidi ya betri, zinarudi." Akaonyesha chupa juu ya benchi.

"Hebu nione."

Ngosha akaokota kipande cha chuma, akagonga jina ambalo mkono wake ulilizoea kila akijaribu kazi. ODETA. Mkewe.

Harufu ya matope ya ziwa ikampiga puani. Kiangazi chote hiki... na miguu ya yule mama ilikuwa inachuruzika maji.

"Nipe hiki nikawaonyeshe ndugu."

Akampa. Tena akamfungia kwenye gazeti, bwege mkarimu!

Usiku huohuo Odeta akaanza kutetemeka. Hospitali hawakuona kitu.

"Baba Pius," alimnong'oneza mumewe, "kuna mtu ananigonga kifuani. Ko... ko... ko... Mara tano, ananyamaza. Halafu anaanza tena."

Ngosha akahesabu herufi alizomgongea yule mama. Tano.

Jioni iliyofuata akakimbilia makaburini. Pembeni kabisa palikuwa na tuta jipya ambalo mchimba makaburi aliapa hakulichimba. Juu yake, msalaba. Kwenye msalaba, kile kipande.

Akaking'oa, akakisugua kwa tupa mpaka vidole vikatoka damu, mpaka jina likapotea. Akapanda bodaboda hadi ufukweni, akakitupa ziwani.

Kesho yake Odeta aliomba uji.

"Mbona umechafuka hivyo? Ulikuwa unachimba panya?"

Ngosha akacheka huku machozi yanamtoka. Akatoka hadi barazani kujifuta.

Matope. Ile harufu.

Yule mama alikuwa amesimama palepale, ameshika kipande kitupu, kinachuruzika maji.

"Fundi," alisema taratibu, "umeniharibia kazi. Lakini ulinifundisha mwenyewe."



Mwanamke hakuwa akimtazama Ngosha. Alikuwa anaitazama chupa ya asidi juu ya benchi.