Aliniacha Peke Yangu Kwenye Nyasi za Wazungu

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na ninaandika haya bila aibu. Wengine mtanicheka. Chekeni! Lakini someni hadi mwisho.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu mjini Nakuru. Kila siku ya kazi saa tisa nilimsukuma mtoto wao kwa kigari hadi bustani ya mji, nikaketi naye kwenye nyasi chini ya mjakaranda. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Askari wa bustani alinizoea. Alinisalimu, akamchekesha mtoto, akaenda zake.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Zakayo, karani wa ghala la mahindi. Suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, maneno matamu... Nilimpenda kwa moyo wangu wote! Mama yangu huku Bahati alikuwa amemkubali, na mwezi uliofuata wazee wake walikuwa walete posa.

Kabla ya hapo nilitaka tuwe na siku moja yetu wawili. Si katika chumba cha rafiki yake, alikopendekeza yeye. Nje, hewani, kama Wazungu walivyofanya kila Jumapili: blanketi, kikapu, chai ya chupa. Wanaita pikiniki. Kwani mapenzi ya Mwafrika hayastahili kivuli?

Nilichagua mahali kwa uangalifu. Kwanza nilikwenda ziwani. Heroe walipendeza, lakini upepo ulinuka magadi na tope lilining'ang'ania viatu. Nikafikiria ukingo wa shimo la mlima Menengai. Pazuri mno! Lakini zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Mtu akikutwa porini na kikapu cha chakula, angejieleza vipi akaaminiwa kwamba hakiwaendei wapiganaji wa msituni? Nikabaki na bustani. Nyasi fupi, bomba la maji karibu, kivuli kuanzia saa nane. Nilijiona mwerevu!

Hapo ndipo nilipokosea... Miaka yote miwili nilidhani pale ninakaa mimi. Kumbe aliyeruhusiwa alikuwa mtoto. Mimi nilihesabiwa pamoja na kigari.

Jumapili hiyo nilitandika blanketi langu. Zakayo alikuwa ameanza kula mkate wa mayai niliomkaangia asubuhi. Askari akaja polepole.

"Yaya, leo kigari kiko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha!

"Kimepumzika, afande. Leo Jumapili."

"Basi na wewe kapumzike kwenu. Ondokeni! Na huyu bwana ni nani?"

Nilimgeukia Zakayo ajibu. Alikuwa ameshasimama, anapangusa suruali.

"Mimi nilikuwa napita tu, afande. Huyu dada ndiye ameniita. Hata sijui anatoka wapi."

Akachukua kofia yake, akaenda. Hakukimbia, wala hakugeuka. Alikwenda huku bado anatafuna mkate wangu!

Wazungu kwenye mabenchi walikuwa wakitazama. Askari alishika pembe ya blanketi. Nikamwambia aliache, ni langu, nitalikunja mwenyewe. Nililikunja taratibu, pembe kwa pembe. Nikamalizia chai yangu nikiwa nimesimama. Sikumwaga hata tone.

Asubuhi yake habari zilikuwa zimefika nyumbani kwa waajiri wangu. Memsabu, mama wa mtoto, alinisubiri jikoni.

"Nani nasema wewe iko ruhusa kukaa kule? Kwenda kwa askari, sema pole!"

Nilijibu kwamba sijaiba, sijapiga mtu, na pole sina. Kabla ya saa sita nilikuwa nje ya lango na sanduku langu. Kazi imekwenda, chumba kimekwenda... na mchumba je?

Mchumba alikuja! Baada ya wiki mbili alifika kwetu Bahati na mjomba wake na wazee wenzake kuleta posa, suti ileile, kana kwamba hakuna lililotokea. Aliniambia pembeni kwamba angepoteza kazi, kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya maisha yetu ya baadaye. Ya nani? Yetu?

Nikarudi ndani nikaeleza yote mbele ya wazee. Mjomba wake akacheka, akasema vijana wa mjini wana mambo. Mama alinivuta hadi jikoni.

"Rebeka, mwanamume amekuja na watu wake mpaka hapa, wewe unaniletea habari za nyasi?"

"Si nyasi, mama. Alimwambia askari hata hajui ninatoka wapi."

"Una miaka ishirini na mitatu! Atakuja nani mwingine?"

"Asije mtu."

Mama alilia. Mimi nililia zaidi, usiku na mchana, maana nilikuwa bado nampenda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kazi! Lakini posa ilirudi na wenyewe.

Leo ninashona nguo sokoni hapa Bahati. Majirani bado wananiita yule aliyekataa karani. Ndiyo, ni mimi! Sijutii kukaa kwenye zile nyasi, na nikipata nafasi nitakaa tena. Ninajuta kwamba nilipima kivuli, nikapima maji, nikapima upepo, lakini mtu wa kukaa naye sikumpima hata siku moja.

Dada zangu, msisubiri wazee walete posa ndipo mjue. Mtazameni anapoulizwa na mwenye nguvu kuliko yeye. Akikukana hapo, mwache aende! Hata kama unampenda... Mwache aende.