Sepetu ya Mjomba Vester

Yaliyomkuta rafiki yangu Odell kule Carolina, mpaka leo hathubutu kuyasema kwao. Usiku wa kuamkia karamu ya ukoo alikabidhiwa bega la nguruwe, akeshe akichochea makaa ili liive kabla ya adhuhuri. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu Mjomba Vester, aliyekata roho peke yake hospitalini, huku Odell, aliyeachwa amwangalie, akikoroma kitini.

Usingizi ukamwiba tena. Gizani akasikia sepetu ikikwangua makaa, polepole, na kikohozi anachokijua.

Alfajiri moto ulikuwa unawaka vizuri. Nyama ilichambuka yenyewe.

“Kumbe si pono wewe!” mjane Lurleen akamsifu. “Ahsante kwa kukesha, mwanangu. Kama ulivyomkeshea Vester.”

Odell akainama, akaokota sepetu. Mpini ulikuwa baridi kwa umande, isipokuwa pale mkono unaposhika.