Shemeji Alinificha Mchwa wa Nyumba Yangu

Mimi ni mwanamke wa Kasongo. Sasa nywele zangu ni nyeupe, lakini mkasa huu ulinipata nikiwa na miaka ishirini na miwili, wakati Wabelgiji wangali wanatutawala. Ndugu wasomaji, hadi leo nikisikia mti unalia darini, mwili wote unanisisimka...

Niliolewa na Feruzi, kijana mpole wa mjini. Baba yangu, mkulima wa kijijini Wamaza, alifurahi mno! Akakata msituni miti migumu, ile isiyoliwa na wadudu, ikabebwa mabegani mpaka Kasongo ili tujengewe nyumba. Mjenzi alikuwa Amisi, kaka yake Feruzi, fundi aliyesifiwa mtaa mzima. Nyumba ikapendeza! Kuta za udongo zikapakwa chokaa, paa likaezekwa nyasi. Humo ndimo nilimomzaa Zaina.

Kisha serikali ikamchukua Feruzi kwenda kutengeneza barabara upande wa Kabambare. Nikabaki na mtoto, chini ya uangalizi wa shemeji.

Siku moja nikifagia nyuma ya kitanda, nikaona mstari mwembamba wa udongo umepanda ukutani kama mshipa wa mkono. Nikaubomoa kwa kidole. Wadudu weupe wakatawanyika... Mchwa!

Nilimwita Amisi. Akaukwangua ule mstari, akapaka chokaa juu yake. "Iko udongo tu, Mama Zaina," akaniambia. "Nyumba ya mukono wangu haiingii muchwa."

Ningebishana vipi na fundi?

Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi walitoka. Lakini hawakutoka kwenye kichuguu huko nje, walitoka ndani, kwenye ufa wa sakafu! Majirani walikuja na vikapu, wakicheka kwamba nimepata kitoweo bila kuvuka kizingiti. Mimi sikucheka. Walipoondoka, mbawa zilikuwa zimejaa chini ya dirisha.

Mambo yakazidi. Vumbi laini likawa linadondoka kitandani, nikilikung'uta, linarudi. Mlango ukaanza kukwama. Nikagonga nguzo ya katikati, ikatoa sauti ya kitu kitupu. Nikaichoma kwa kisu... kikazama hadi kwenye mpini!

Nilimwendea Amisi nikilia. Alinifokea ambavyo hakuwahi kunifokea kabla. "Unataka kuvunja jina langu mbele ya watu? Mume wako hayuko, unatafuta sababu ya kurudi kwa baba yako!" Watu wakasikia, wakasema mke wa Feruzi hana adabu. Lakini Amisi hakuja hata kuitazama ile nguzo. Kwa nini aikwepe, kama ni udongo tu?

Niliamua kumchukua mwanangu niende Wamaza. Mzigo nikaufunga. Alasiri hiyohiyo mvua kubwa ikashuka, nikasema ngoja ikatike kwanza. Zaina alikuwa amelala ndani. Mimi nilikuwa jikoni, uani, nikitwanga sombe, majani ya muhogo.

Mara nikasikia mlio mrefu... kraaa!

Paa lilikuwa limelala upande. Nilipiga ukelele, mchi ukanitoka mkononi. Amisi, aliyekuwa akikaa jirani, alikuja mbio, akanipita, akaingia. Boriti ilikuwa inashuka juu ya kitanda. Aliipokea kwa bega lake!

"Toa mutoto!" akanguruma. "Toa mutoto, miye nimeishika!"

Nilitambaa, nikamvuta Zaina kwa nguo, nikatoka naye. Kugeuka hivi... ukuta ukamwangukia Amisi.

Majirani walimfukua akiwa bado anapumua, wakamlaza kwenye mkeka barazani kwao. Aliniita karibu.

"Miti ya baba yako iko kwangu," akasema kwa shida. "Nilijengea nyumba yangu. Kwako niliweka miti laini ya mu shamba. Muchwa niliiona siku ile ya kwanza... nikaona haya. Unisamehe, shemeji."

Hakuiona kesho.

Feruzi alifika kutoka Kabambare, akakuta kaburi. Nilipomweleza, alichukua shoka, akaenda kung'oa miti yetu kwenye nyumba ya Amisi. Nilimkimbilia, nikasimama mlangoni. Chini ya miti ile walikuwa wanalala mjane wake na mayatima! Wangekwenda wapi? Feruzi alikaa chini palepale, akalia kama mtoto.

Je, nilimsamehe Amisi? Siku nyingine naona nimemsamehe. Siku nyingine namkumbuka akipaka chokaa, na hasira inanipanda upya. Lakini Zaina yu hai, na aliyemwokoa ni yeye.

Ndugu zangu, nawasihi! Mkiona njia za udongo ukutani, mbawa ndani ya nyumba, vumbi linalorudi kila likifagiliwa, gongeni nguzo zenu leo. Ikilia tupu, msimwonee haya fundi, wala shemeji, wala mkwe. Akisema ni udongo tu, mwacheni aseme. Ninyi toeni watoto nje kwanza... Aibu ya ugomvi watu huisahau.