Kipande cha Kona

"Onja kwanza," Ngendo alisema, akimnyooshea Mumo kipande cha kona kutoka kwenye trei. "Wageni washaketi."

Ilikuwa desturi yao. Miaka miwili nyuma, hapa Ruiru, Mumo alinunua kipande kimoja cha keki ya jemu kwenye meza ya Ngendo, akakitafuna amefumba macho, kisha akamwambia bila kuulizwa kwamba jemu ile ya nanasi ilikosa limau. Ngendo alinuna siku nzima. Jioni akaongeza limau, akaonja, akatafuta namba ya yule mteja kwenye ujumbe wa malipo ili amshukuru. Tangu siku hiyo hakuuza trei yoyote kabla Mumo hajala kona yake. Mumo, sasa mchumba wake, alikuwa mchomaji mikate huko Thika, na Ngendo aliamini ulimi wake kuliko wake mwenyewe.

Mumo akatafuna.

"Tamu. Kama kawaida."

"Hakuna kinachokosekana?"

"Hakuna. Peleka."

Ngendo akapeleka. Sebuleni kwa mama yake, mtaa wa Gitothua, walikuwa akina mama watatu wa kanisa waliotaka trei ishirini za harusi. Mama Kagwe, aliyekuwa akimwoza binti yake, aliuma wa kwanza. Uso ukambadilika, akatema kwenye kiganja. Asubuhi ile Ngendo alikuwa amehamishia sukari na chumvi kwenye makopo mapya yanayofanana, bila kuandika chochote juu yake. Unga wote ulikandwa kwa chumvi.

"Mama Ngendo, maji yenyewe hapa Ruiru ni ya mgao," Mama Kagwe alisema, "na huyu anataka tuyamalize leo?"

Wenzake walicheka hadi wakajifuta machozi. Wakaaga kwa adabu. Hawakuagiza.

Jikoni, Mumo alikuwa akimalizia kipande cha pili.

"Mumo, hiyo ni chumvi tupu."

Akaacha kutafuna.

"Miezi mitano unaniambia tamu kama kawaida," Ngendo alisema. "Huniambii tena limau, huniambii siagi. Nikadhani nimeijua kazi. Kumbe unanipa maneno tu ninyamaze."

"Ngoja nikueleze."

"Haya, eleza."

Hakueleza. Alichukua koti lake, akaenda.

Siku ya tatu Ngendo alimwandikia: "Siwezi kuolewa na mtu anayeniacha niaibike mbele ya mama yangu. Harusi ya Desemba haipo. Jumamosi nakuletea trei zako."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Sawa. Pole."

Maneno mawili. Aliyasoma mara nyingi, akitafuta la tatu. Mama yake alimwambia asiharakishe, kwamba Mumo hakuwa mtu wa kudanganya bila sababu. Ngendo akasema alimwomba sababu hiyo, naye akakataa kuitoa.

Jumamosi alasiri alipanda ngazi za ploti alimopanga Mumo huko Makongeni, Thika, trei mbili kwapani. Kwenye ghorofa ya pili alisikia harufu ya gesi. Alidhani inatoka kwa jirani, lakini ilizidi kila hatua, na mlangoni kwa Mumo ilimkaba koo. Akasukuma mlango. Mumo alikuwa amesimama kando ya meko, sufuria ya chai tayari juu yake, kiberiti mkononi, njiti imeshatolewa.

"Usiwashe."

Mumo akageuka. "Karibu. Nilikuwa nakuchemshia chai."

"Mumo, weka hicho kiberiti chini."

Akakiweka, haelewi. Ngendo aliachia trei zikaanguka, akafunga mtungi, akafungua dirisha, akamvuta hadi nje kwenye ngazi. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka karibu na mtungi.

"Ploti nzima inanuka. Na wewe umesimama humo ndani..."

Alikumbuka kengele ya simu ambayo Mumo alikuwa ameanza kuitegea mikate, yeye aliyekuwa akijua imeiva kwa pua. Akakumbuka kipande cha pili cha chumvi.

"Husikii harufu," alisema.

"Wala ladha. Tangu ile homa ya Machi."

"Daktari alisemaje?"

"Huenda ikarudi, huenda isirudi. Kazini wamejua juzi. Niliunguza mikate ya oveni nzima nikiwa nimesimama kando yake. Wameniachisha kazi."

"Na mimi? Mbona hukuniambia?"

Mumo aligusa pua yake.

"Tulianza na limau, Ngendo. Ningekuambia nini? Kwamba keki yako sasa ni kama kutafuna sponji? Nilikuwa nakutazama uso. Nikiona umeridhika, nasema tamu."

Ngendo aliketi kwenye ngazi, akalia kwa ajili ya kona zote alizompa miezi hiyo mitano. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Ningekuzika bila kujua," alisema. "Ningekuzika nikiwa bado na hasira."

Novemba ilipofika, makopo yote ya Gitothua yalikuwa na majina. Mama yake aliuliza kuhusu Desemba, akajibiwa kwamba iko palepale. Mumo alikuwa bado anatafuta kazi, na ulimi wake haukuwa umerudi.

Ngendo aliiacha trei ipoe hadi jemu ikashika, ndipo akachukua kisu. Akakata kona mbili. Moja akampa Mumo, nyingine akala mwenyewe.

"Niambie," Mumo alisema.

"Nanasi limeiva vizuri. Siagi inatangulia. Chini imeungua kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama ukoko wa wali."

"Na limau?"

Ngendo akatafuna tena, bila haraka. "Liko mbali. Linakuja ukishameza."

Mumo alikuwa amefumba macho, kama siku ile ya kwanza mezani. Akameza. Akangoja kitu ambacho hakikuja.

"Basi ongeza limau," alisema.