Dalmatika ya Frateri

"Nyanyua mikono, Frateri."

Akanyanyua. Mshonaji akapitisha futi kifuani pake, macho kayatupa ukutani. Jumamosi mwanamume huyu angepewa daraja la ushemasi na kuahidi useja maisha yake yote. Dalmatika, lile joho la shemasi, alikuwa akiishona mwanamke aliyewahi kumpenda hadi chakula kikawa hakipiti.

"Ule ujumbe wangu wa zamani uliuona?"

Aliuona, tena hajaufuta hadi leo: "Nikiacha seminari utanipokea? Sema ndiyo tu, nakuja na begi langu."

"Niliuona."

"Mbona ulininyamazia?"

Pini ikamchoma kidole.

"Sikukupenda kiasi hicho."

Frateri akashusha mikono taratibu.

"Afadhali umesema. Na mimi mjinga, miaka yote najiuliza nilikukosea nini."

Akatoka bila kuaga.

Mshonaji akajiinamia juu ya cherehani, akalia. Siku ile alikuwa ameshaandika ndiyo. Kabla hajaituma, mama yake Frateri akaingia na kumpigia magoti palepale sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa: "Mwanangu aliugua akiwa mchanga, nikaweka nadhiri akipona nitamtoa kwa Mungu. Usininyang'anye, binti yangu." Naye akaifuta ndiyo yake.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa mama huyohuyo.

"Binti yangu, amepita hapa akienda mafungo ya kiroho. Ananiambia, 'Mama, sasa sina pa kurudi.' Uso kama katoka kuzika. Nadhiri ilikuwa yangu, yeye sikumuuliza. Mwambie ukweli."

"Si umwambie wewe, mama?"

"Nitamtazamaje, mwanangu? Nakuomba."

Alipompigia Frateri, simu ilikuwa imezimwa. Akafunga duka, akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya mafungo. Alimkuta Frateri ameketi kwenye benchi la bustanini.

"Kuna nini? Joho limeharibika?"

"Jana nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaandika ndiyo. Mama yako akaja, akaniomba nikuache."

Frateri alikaa kama kapigwa kofi.

"Nawe ukakubali?"

"Niliogopa kugombana na Mungu."

"Mungu alikutuma lini? Aliyekutuma ni mama! Mmenipangia maisha kama kitoto, hakuna hata mmoja aliyeniuliza!"

"Nisamehe. Bado nakupenda."

Frateri akafunika uso kwa viganja. Alipoinua kichwa, sauti ilikuwa imetulia.

"Wakati ule ningekuja mbio, hata bila begi. Nimesali sana juu yako, hadi nikaweza kukuachilia. Jana nilitoka kwako nikitaka kwenda altareni kwa hasira, ili kukukomoa. Hasira umeniondolea. Jumamosi nitakwenda kwa hiari yangu."

"Na ningekwambia jana, pale dukani?"

"Usiniulize hilo. Tafadhali."

Jumamosi kanisa lilijaa hadi milangoni. Frateri alilala kifudifudi mbele ya altare, waimbaji wakaanza litania ya watakatifu. Mama akasogea kwenye benchi, akaushika mkono wa mshonaji.

"Nisamehe, mkwe wangu."

"Usiniite hivyo, mama. Sasa hivi usiniite hivyo."

Lakini mkono hakuuondoa. Waimbaji wakamtaja mtakatifu mwingine, kanisa zima likaitikia, "Utuombee." Mshonaji naye alifungua kinywa. Sauti haikutoka.