Neno Jekundu Kando ya Jina la Mama

Marta alimaliza kupakia karoti zake kwenye gari pale Lukozi, akanawa tope, akapanda bodaboda kwenda ofisi ya usharika wa kanisa lao.

Jumamosi ndugu wangekuja kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yake, Dorothea. Marta alitaka tarehe ya ubatizo iandikwe pale. Ndugu wote walialikwa, isipokuwa binti yake Loveness. Loveness aliishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani. Marta, mzee wa kanisa asiyepindika, hata mjukuu wake alikuwa hajambeba.

"Habari za Lukozi, Mama Loveness?" alisalimia Mwalimu Secilia, mstaafu anayetunza vitabu vya zamani.

"Nzuri, Mwalimu."

Kitabu cha ubatizo kilifunguliwa. Marta alifuata majina kwa kidole, akalikuta la mama yake. Kando yake, kwa wino mwekundu, paliandikwa: "Ametengwa 1957."

Mama aliyewafundisha kusali, atengwe na kanisa?

"Funga, Mwalimu. Jumamosi hakuna shughuli. Nitasema naumwa."

"Subiri kwanza. Umesoma neno moja unakimbia. Maneno ya pembeni hayakuandikwa siku ya ubatizo. Wachungaji waliyaongeza baadaye, kila mmoja kwa mwandiko wake. Kwa hiyo tunaangalia tarehe, wino na mwandiko, tunasoma mpaka mwisho. Hebu tazama hapo chini."

Kulikuwa na penseli iliyofifia, mwandiko wa mtu mwingine: "Tazama uk. 88."

"Anatuelekeza ukurasa wa themanini na nane," alisema Secilia, akafunua.

Waliandikwa pale waliorudi kundini. Marta alisoma polepole: "Dorothea na Sefania. Waliishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Wametubu, ndoa imebarikiwa, Septemba 1960. Wana mtoto mmoja, Marta, miaka miwili."

Alirudia kusoma. Akakaa kwenye benchi. Alikuwa amemtenga mwanawe kwa jambo lile lile lililomleta yeye duniani.

"Mama hakuniambia," alisema.

"Wengi hawakusema. Ndiyo maana ukitoka hapa uwaulize na wazee waliobaki. Sasa nikuandikie tarehe ya ubatizo?"

"Niandikie. Na hiyo ya 1960."

Nje ya ofisi alimpigia Loveness. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Shikamoo mama," sauti ilijibu kwa woga.

"Marahaba. Jumamosi mje. Wewe, mwenzako na mtoto."

"Mama, una hakika?"

"Mje mapema."

Jumamosi mchungaji alisoma tarehe zilizoandikwa msalabani. Shangazi mmoja akauliza, "1960 ni ya nini?"

"Ni mwaka mama na baba walipobariki ndoa," alijibu Marta mbele ya wote. "Mimi nilikuwa na miaka miwili."

Marta akanyoosha mikono kwa Loveness, akampokea mjukuu.